Tufukie Waya Upi?



Chama cha redio cha shule yetu kimekusanya fedha za kununua waya wa kufukia chini ya eriali, na halmashauri yake itakata shauri kabla ya likizo ya Desemba. Wenzangu wengi wataka waya mnene wa shaba tupu, wa milimita 16 za mraba, vipande vinne vya mita 10 kila kimoja, tena vifukiwe chini sana. Mimi naona shauri hilo litatupotezea fedha.

Kwa msomaji asiye wa chama, yafaa nieleze. Eriali yetu ni mlingoti mmoja wa mita 10 hivi, nao ni robo ya wimbi la megahezi 7. Eriali ya namna hii ni kama mtu wa mguu mmoja. Mguu wa pili ni ardhi. Umeme unaotoka kwake sharti urudi kwa njia ya udongo mpaka penye shina la mlingoti, na udongo wa kilima chetu, wenye changarawe nyingi, ni njia mbaya. Mlingoti wenyewe huchukua nguvu na kuitupa angani kama mzigo wa omu 36 hivi. Ikiwa ardhi nayo ina omu 36, basi katika wati 100 tunazotuma, wati 50 zawapasha moto mchwa. Ndiyo sababu twatandaza nyaya ardhini kama miale ya jua kuzunguka shina, ili umeme upate njia nzuri ya kurudia.

Sasa, wenzangu husema waya mnene hupitisha umeme mwingi. Ni kweli kwa umeme wa taa. Lakini umeme wa redio hauingii ndani ya waya, huenda katika ngozi yake tu, na kwa megahezi 7 ngozi hiyo katika shaba ni milimita 0.025 hivi, nyembamba kuliko unywele. Shaba yote iliyo ndani zaidi twainunua bila faida. Tena nyaya zikiwa nyingi, hugawana kazi, kila mmoja huchukua kidogo.

Hebu tupige hesabu. Mita 40 za waya ule mnene zina shaba ya kilo 5.7 hivi. Shaba hiyo hiyo yatosha mita 420 na zaidi za waya wa nyumbani wa milimita 1.5 za mraba, yaani vipande 42 vya mita 10. Plastiki nayo ina bei yake, basi tuseme 30. Thelathini kwa vinne! Mwaka 1937 wahandisi watatu wa kampuni ya RCA huko Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walitangaza vipimo vya eriali zilizosimama, wakitumia nyaya 2, 15, 30, 60, hata 113. Walionyesha kwamba nyaya zikiwa chache, kuzirefusha hakusaidii sana. Wingi ndio unaoleta nguvu. Basi hata tukipungukiwa, ni heri tukate nyaya fupi nyingi kuliko ndefu nne.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza, “Waya uliovikwa plastiki utagusaje udongo?” Si lazima uuguse. Umeme wa redio huvuka plastiki kama unavyovuka kapasita, na kazi huwa ile ile. Plastiki hiyo ndiyo inayoikinga shaba na chumvi na maji ya udongo. Ncha tu zizibwe.

Wako wanaosema tutumie waya wa seng'enge ulio stoo, kwa kuwa ni wa bure. Kwa majaribio ya muhula mmoja sina ubishi. Lakini zinki ikiisha kuliwa, hubaki chuma, na chuma chenye kutu ni njia mbaya mno kwa redio. Alumini siitaki kabisa. Udongo wenye asidi huila, na ikigusana na shaba penye unyevu huliwa upesi zaidi.

Kuhusu kufukia chini sana, hakuna faida. Sentimita chache zatosha, mradi jembe na mashine ya kukata majani visifike. Na mwizi wa shaba, ambaye kila shule yamjua, hatajisumbua kwa nyaya nyembamba kama kwa zile nne nene.

Jambo moja nawakubalia wenye shauri la shaba nene: radi. Nyaya hizi nyembamba si kinga yake. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, na mlingoti wetu uko karibu na darasa. Hapo ndipo waya mnene unapostahili, mfupi, kutoka shina la mlingoti mpaka kwenye fimbo zilizopigiliwa ardhini.

Kwa hiyo naiomba halmashauri iandikie dukani waya wa nyumbani wa shaba, wa milimita 1.5 za mraba, roli 3 za mita 100. Fedha zitakazobaki zinunue fimbo hizo na waya wake mnene, nazo zipigiliwe kabla ya mvua za Machi.