Mtoto Mgongoni, Daftari Mkononi



Mwezi huu nazungumza nawe kijana wa Nyabibuye uliye na mtoto, na bado unasoma.

Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa kupata mtoto anaweza kurudi darasani. Kurudi ni jambo moja. Je, mtoto atakula nini? Nani atamtunza? Hapo ndipo penye kazi.

Tuchukue mfano. Baba anasoma Chuo cha Ualimu Kasulu. Mama amerudi sekondari ya kutwa. Mtoto ana miezi saba. Tangu 2016 sekondari za Serikali hazitozi ada, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Lakini sare, madaftari na sabuni hununuliwa. Fedha ni kidogo.

Mama, usinunue maziwa ya kopo. Maziwa yako ni bora, nayo ni bure. Asubuhi mnyonyeshe mtoto kabla ya kuondoka. Kisha nawa mikono kwa sabuni, kamua mengine kwenye kikombe safi, yafunike, yaweke mahali pa baridi. Mtoto apewe ndani ya saa nne. Anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa. Chupa ni ngumu kusafisha, na uchafu wake huleta kuhara. Jioni na usiku mnyonyeshe tena.

Mtoto huyu sasa anahitaji na chakula. Uji wa muhogo mtupu hujaza tumbo tu, haujengi mwili. Tia karanga zilizosagwa laini, au dagaa wa ziwani waliosagwa. Siku nyingine mpondee maharage, ukayachuje maganda. Ongeza kijiko kidogo cha mawese mekundu. Wekundu ule ndio wenye vitamini A, inayolinda macho. Usiyachome mpaka yakawa meupe! Parachichi likiiva, mpe. Vitu hivi vingi viko kijijini kwetu.

Kila mwezi mpeleke zahanati akapimwe uzito. Mstari kwenye kadi ukilala au ukishuka, mwambie mganga siku ileile.

Na wewe baba, kabla ya kupanda gari kuja kusalimia, hesabu nauli. Nauli ya kwenda na kurudi ni karanga za siku nyingi. Mimi naona afadhali uje mara chache, na fedha uitume nyumbani. Vocha ya simu nayo haina vitamini.

Sasa bibi anayebaki na mtoto. Mvua za Oktoba zikianza, bibi ana shamba lake. Akishinda na mjukuu, nani atalima? Wengi hawamwulizi, mpaka siku anapokataa. Huna fedha ya kumlipa, lakini una mikono. Patana naye mapema: Jumatatu mpaka Ijumaa yeye anamtunza mtoto, Jumamosi wewe unalima shamba lake. Baba akija likizo, jembe lake limwekwe nyuma ya mlango, alione anapoingia.