Kompyuta moja, mifumo miwili: soma hapa kabla hujanunua nyingine

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni kwa simu moja na kompyuta ya mtumba. Ile ambayo ukiiwasha unaenda kuchemsha chai kwanza, na ukirudi na kikombe bado inajiwasha.

Tangu Windows 10 iache kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Dada, kompyuta yangu inakataa Windows 11, ninunue nyingine?"

Jibu langu ni hapana, usikimbilie. Weka mfumo endeshi wa pili, wa bure, pembeni ya Windows uliyonayo, uendelee na kompyuta ile ile. Ila usiguse kitu chochote kabla hujatoa nakala ya daftari lako la biashara. Hiyo sehemu ya pili ya jibu ndiyo iliyoniliza mimi, kwa hiyo naanza nayo.

Nauza nguo za watoto. Nachukua mzigo Kariakoo, napiga picha nyumbani, oda zinaingia WhatsApp, mzigo unapanda basi kwenda Mwanza, Dodoma, Mbeya. Kila kitu kiko kwenye faili moja la Excel: nani kaagiza nini, saizi gani, nani kalipa nusu, nani namdai. Wiki moja kabla ya Idi nilikuwa na oda 31 humo ndani. Na ndiyo wiki niliyoamua kuwa fundi.

Nilikuwa nimeangalia video mbili tu. Saa nne usiku, watoto wamelala, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani ya kompyuta, ile inayotokea kabla Windows haijawaka, nikazima kitu kinachoitwa Secure Boot kwa sababu jamaa wa kwenye video alisema nizime. Nikawasha upya. Ikaja skrini ya bluu inanitaka niingize namba 48. Siyo nne wala nane. Arobaini na nane!

Kumbe diski ilikuwa imefungwa na ulinzi wa Windows unaoitwa BitLocker. Ulinzi huo ukiona mpangilio wa kuwasha kompyuta umebadilika, unahisi mwizi, unadai ufunguo. Na ufunguo ulikuwa wapi? Kwenye akaunti ya Microsoft ya kijana aliyeniuzia kompyuta, maana alikuwa anaitumia yeye na mimi niliendelea nayo vilevile alivyoniachia. Sikuwahi hata kujua kuna ufunguo.

Baadaye nimejifunza kwamba ningerudisha tu ile Secure Boot kama ilivyokuwa, huenda ingewaka bila kuuliza kitu. Mimi nikakimbilia kwa fundi wa jirani asubuhi. Naye kwa nia njema akarudisha mipangilio yote mwanzo na kufuta kumbukumbu ya chipu ya usalama. Hapo sasa bila zile namba haifunguki kabisa.

Siku tatu nilimtafuta yule kijana. Namba yake ya zamani haipatikani, nikampata kupitia binamu yake. Akaingia kwenye akaunti yake, akanisomea namba kwenye simu, mimi naandika mkono unatetemeka. Ikafunguka. Lakini siku tatu hizo nilikuwa nawauliza wateja mmoja mmoja, "Samahani dada, uliagiza saizi gani vile? Ulilipa shilingi ngapi?" Wawili waliomba warudishiwe hela na nikawarudishia. Mmoja alisema amelipa yote, nikamtumia mzigo. Faili lilipofunguka nikakuta alilipa nusu. Idi ilishapita, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Sasa mtu ataniuliza, na yote hayo bado unatushauri tuweke mifumo miwili? Ndiyo. Kosa langu lilikuwa mpangilio wa kazi. Nilianza na kilichotakiwa kuja mwisho.

Tuongee hela kwanza. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane. Kompyuta nyingi tunazonunua za mtumba, zile za maofisini Ulaya, ni za kizazi cha sita au cha saba. Ni nzima kabisa, zinakataliwa tu. Kuhamia nyingine ni kutoa hela kwenye mtaji. Kwa muuzaji mdogo, hela ya kompyuta ni belo la nguo au dazeni kadhaa za viatu ambavyo vingeuzika mwezi huu. Kununua kompyuta kwa sababu kompyuta imeharibika, sawa. Kununua kwa sababu imekataliwa sasisho, mimi hapana.

Ukibaki na Windows 10 hivyo hivyo itaendelea kuwaka, lakini matundu mapya ya usalama hayazibwi. Microsoft iliweka nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji binafsi wanaojiandikisha, ya mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga, usiuchukulie kama suluhisho. Na ile njia ya tatu, ya kupiga Windows ya kukraki, naomba uiogope. Vile viprogramu vya kuifungua kwa wizi vinajulikana kubeba virusi vya kuiba nywila. Ukurasa wako wa biashara wenye wafuasi elfu kumi ukiibiwa, utaanza upya na wafuasi sifuri.

Kwa hiyo mfumo wa pili. Ninaoutumia mimi ni Linux Mint, toleo lake jepesi la Xfce. Wengine wanapenda Ubuntu, ambayo toleo la kwanza lilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu". Zote mbili ni bure kihalali, hakuna kukraki. Mint inaweza kwenda kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2, ingawa wenyewe wanashauri 4.

Jiulize kwa ukweli: kwenye kompyuta unafanya nini? Mimi niliandika kwenye karatasi wiki nzima kila nilichofungua. WhatsApp ya kwenye brauza. Instagram. Canva ya kutengeneza matangazo. Barua pepe. Faili la oda. Vinne vya kwanza vinafanyika ndani ya brauza, na brauza ni ile ile popote. Faili la oda nalifungua kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure na inasoma mafaili ya Excel. Kwa faili la kujumlisha na kutoa kama la kwangu sijaona tofauti.

Halafu kuna faida moja ambayo watu wa steshenari wataielewa. Ile flashi unayopeleka kuprinti ikirudi mafaili yote yamegeuka vijialama, vile virusi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Ukifungua flashi kwenye Linux, kwa kawaida havipati pa kukimbilia. Usijiachie lakini, maana ujumbe wa utapeli unaokuomba neno la siri hauchagui mfumo.

Basi kwa nini nisifute Windows kabisa? Kwa sababu kuna kazi zinazoihitaji. Photoshop na CorelDRAW hazina toleo la sasa la kuingiza kwenye Linux. Baadhi ya printa za risiti na za lebo zinakuja na programu ya Windows peke yake. Na kama mhasibu wako anakutumia faili la Excel lenye mambo mengi ya kujiendesha, linaweza kuvurugika. Ndiyo maana nasema miwili: Linux ya kazi za kila siku na kila kinachogusa intaneti, Windows ya zile kazi mbili tatu inazozijua yenyewe. Ukiwasha kompyuta inakuletea menyu, unachagua. Ni mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata RAM haigawanywi. Kinachogawanywa ni nafasi kwenye diski tu.

Haya, mpangilio wa kazi. Ufuate kama ulivyo, usiruke.

Kwanza, nakala. Faili la oda, picha za bidhaa, namba za wateja. Weka sehemu mbili: flashi au diski ya nje, na sehemu moja ya mtandaoni. Kisha fungua hizo nakala kwenye kifaa kingine uone zinafunguka. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

Pili, ufunguo. Andika BitLocker kwenye kitafutio cha Windows uangalie kama diski imefungwa. Kama imefungwa, pata zile namba 48, ziandike kwenye daftari la karatasi, halafu uzime huo ulinzi na usubiri umalize kufungua diski yote. Na kama kompyuta ni ya mtumba, hakikisha akaunti iliyomo ni yako. Hili lifanye leo hata kama huna mpango wowote wa mfumo wa pili.

Tatu, onja kabla hujala. Pakua Mint, ni kama GB 3, kwa hiyo tafuta bando la usiku au Wi-Fi. Iweke kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, kisha washa kompyuta kwa kutumia flashi hiyo. Inawaka yote bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi, sauti, printa, kamera. Kitu kisipokubali, zima, chomoa flashi, hakuna kilichoharibika. Na ile Secure Boot, Ubuntu na Mint za sasa mara nyingi zinawaka bila kuizima. Niliteseka bure.

Nne, kwenye Windows punguza sehemu yake ili ibaki nafasi tupu, angalau GB 40 kwa kazi zetu. Zima pia kitu kinaitwa Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme. Kikiwa kimewashwa, Windows ukiizima haizimiki kabisa, inasinzia ikiwa imeshikilia diski, na Linux inaweza kukataa kuandika kwenye mafaili yako.

Tano, kuingiza. Hapa kuna swali moja la kusoma kwa macho mawili. Chaguo la kuweka "pembeni ya Windows" ndilo lako. Chaguo la "kufuta diski" ndilo linalomaliza biashara za watu. Kama unamlipa fundi, kaa naye mpaka apite hapo. Mwambie, "Kaka, nisomee hiyo kabla hujabonyeza."

Ukimaliza utakutana na kichekesho kimoja. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa inakuwa nyuma kwa saa tatu. Haijaharibika. Linux inatunza saa ya ndani kwa wakati wa dunia, Windows inatunza kwa wakati wa hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Sisi tumezoea tofauti ya saa sita kati ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu, lakini hii ya saa tatu itakuharibia muda kwenye risiti na oda. Fungua dirisha la amri kwenye Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1, weka nywila yako, imeisha.

Sitaki kukudanganya kwamba mifumo miwili haina gharama. Inapangishana kwenye diski moja na wakati mwingine inagombana. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilifanya Linux igome kuwaka kwenye kompyuta za watu wengi duniani waliokuwa na mifumo miwili. Ndiyo maana ile flashi uliyoingizia usiifute, iweke kabatini. Na ndiyo maana faili la oda haliishi kwenye kompyuta peke yake. Langu sasa hivi lina nakala mtandaoni kila jioni baada ya kufunga oda.

Nani asifanye? Kama kazi yako yote ni Photoshop au CorelDRAW, weka hela taratibu ununue kompyuta inayokubali Windows 11. Kama diski yako imejaa pomoni, ongeza diski kwanza. Na kama uko katikati ya msimu, iwe Idi, Krismasi au shule zinafunguliwa, acha. Subiri mwezi mkavu, wateja wakiwa wametulia.

Kompyuta yangu ni ile ile iliyonitesa. Ina mifumo miwili, inawaka kabla chai haijachemka, na hela niliyotaka kununulia nyingine iliingia kwenye mzigo wa sare za shule. Lakini kila nikiona jina la yule mteja wa Idi kwenye orodha ya madeni, nakumbuka kwamba nakala ingenichukua dakika kumi.

Wewe leo ukizimikiwa na kompyuta, unajua nani anakudai na nani unamdai? Kama jibu ni hapana, anza na hatua ya kwanza usiku huu huu. Hifadhi post hii, mtumie na mwenzako mwenye kompyuta ya mtumba, na uniambie hapo chini umekwama hatua ya ngapi.