MAONI YETU: ALAMA ZA WATOTO WETU



Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka, sisi huku kazini huyajua kabla ya kufungua gazeti. Aliyefurahi huingia karakana akiimba, na yule ambaye mtoto wake ameanguka hushika spana yake akanyamaza, hamtazami mtu. Safari hii ndugu yetu mmoja, fundi wa mabehewa, alitueleza wakati wa chai kwamba amemchapa kijana wake kwa sababu ya alama. Tulimwuliza kijana alikuwa katika darasa la watoto wangapi, hakujua. Tulimwuliza kama ana kitabu chake cha hesabu. Akasema watoto watatu hushika kimoja. Tulimwuliza taa ya nyumbani huzimwa saa ngapi. Akasema saa mbili usiku, kwa maana chumba ni kimoja, na yeye huamka saa kumi alfajiri kwenda zamu.

Hatuandiki haya ili kumwaibisha. Wengi wetu tumefanya kama yeye, na wengine wametumia maneno yanayouma kuliko kiboko. Twaandika kwa kuwa jambo hili si la mtu mmoja na mwanawe. Katika Nairobi, kwa miaka mingi, alama za mtihani zimefuata mitaa. Mtoto wa upande mmoja wa mji hupita, na mtoto wa upande wa pili huanguka, nao wote wamepewa karatasi moja siku moja. Je, Mungu alimimina akili upande mmoja wa reli, akasahau upande wa pili? Hatusadiki hivyo. Basi yafaa tutafute sababu.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaota kando yake. Wakoloni wakaugawa kwa rangi. Wazungu walikaa kilimani upande wa magharibi, Wahindi wakawa na mitaa yao, na Waafrika wakawekwa mashariki, karibu na karakana na moshi. Mwafrika wa reli alipewa nafasi katika landhi kana kwamba hana mke wala mtoto. Mshahara wake nao ulihesabiwa hivyo hivyo, kuwa ni wa mtu mseja. Mwaka 1954 kamati iliyojulikana kwa jina la Carpenter ilisema kwamba mshahara wa mseja haufai tena, na kwamba mfanya kazi alipwe kiasi cha kumwezesha kukaa na jamaa yake mjini.

Sasa tazameni, ndugu. Mji ambao haukumhesabu mtoto wetu katika nyumba wala katika mshahara, ungemhesabuje katika shule? Kwa mtoto wa Mzungu kusoma kulikuwa lazima kwa sheria tangu mwaka 1942. Mtoto wa Mwafrika, kwa mpango wa Beecher wa mwaka 1949, alisoma miaka minne ya kwanza, akapewa mtihani, na wengi wakaishia hapo. Waliobahatika waliendelea miaka minne mingine mpaka mtihani wa darasa la nane. Mtihani ule haukuwekwa ili kujua mtoto anahitaji msaada gani. Uliwekwa ili kumwondoa, kwa sababu nafasi za mbele zilikuwa chache.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, rangi iliondolewa mlangoni pa shule, lakini karo ikasimama pale pale iliposimama rangi. Baraza la Mji wa Nairobi liliendelea kuwa na shule zilizokuwa za Wazungu, zilizokuwa za Wahindi, na zile za Waafrika, na watu wakazoea kuziita A, B na C. Mwenye mshahara mkubwa, awe wa rangi yo yote, alimpeleka mwanawe A. Sisi tulibaki C, darasa limejaa, dawati moja watoto wengi. Kisha watoto wote wakaingia katika mtihani mmoja, na matokeo yakaitwa haki.

Lakini yako mambo mema ya kukumbuka, nayo yatufundisha. Katika miaka ya 1970 mtafiti mmoja, Tony Somerset, aliuchunguza mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ule ulioitwa C.P.E. Aliona kwamba maswali mengi yalipima kukariri tu, na mengine yaliulizwa juu ya mambo ambayo mtoto wa nyumba tajiri ya mjini huyaona kila siku, na mtoto wa mkulima au wa kibarua hayajui. Basi maswali yakabadilishwa. Yakaanza kuuliza juu ya ukulima, afya na vitu ambavyo mtoto ye yote aweza kuviona na kuvifikiri. Tena ofisi ya mitihani ikawa inapeleka barua shuleni kila mwaka, kueleza watoto walikosea maswali gani, na walimu wafanye nini kuyarekebisha. Hapo alama zilikuwa kama taa ya mkaguzi wa njia. Mkaguzi haangazi reli iliyovunjika ili aicheke, huiangaza ili gengi ije na vyuma.

Baadaye tulipoteza njia hiyo. Mtihani wa K.C.P.E. ulianza mwaka 1985, na kila mwaka magazeti yakapanga shule kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Orodha ile ilisema nani yuko juu, lakini haikusema nani alianza wapi. Shule iliyopokea watoto waliokwisha soma chekechea, wenye vitabu na chakula, iliwekwa katika mstari mmoja na shule iliyopokea watoto wenye njaa wasiojua kushika kalamu. Ziko shule zilizowarudisha darasa watoto dhaifu ili wastani usishuke. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilikataza kupanga shule hivyo, na mwaka 2023 mtihani wenyewe ulifanywa kwa mara ya mwisho. Sasa tuna mitihani ya Gredi ya 6 na ya 9. Jina limebadilika. Sisi twauliza: je, darasa limebadilika?

Twasifu lililo jema. Januari 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, na hesabu ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 mpaka milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Watoto wengi wa wafanya kazi waliingia shule kwa mara ya kwanza. Lakini Serikali iliweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na walimu hawakuongezeka kama watoto walivyoongezeka. Mzigo ukaangukia shule za mitaa ya maskini. Shule ya Olympic, iliyo Kibera, ilikuwa na sifa kubwa ya kupitisha watoto, nayo ilionyesha nchi nzima kwamba mtoto wa mtaa wa mabati aweza kushindana na mtoto wa ye yote. Mlango ulipofunguliwa, watoto walimiminika pale kupita kiasi. Mwenye uwezo akamtoa mwanawe akampeleka shule ya kulipia. Hivyo pengo lililozibwa upande huu likafunguka upande ule.

Twajua watasema kwamba Chama kishughulike na mishahara, saa za kazi na malipo ya ajali, na shule iachiwe walimu. Twajibu hivi. Mshahara wa jamaa tuliopigania ulikuwa na maana gani, kama si mtoto kukaa mjini na baba yake na kusoma? Nyongeza ya mshahara ikipatikana leo na kesho yote ikaenda kulipia masomo ya ziada, hiyo si nyongeza, ni pesa zinazopita mkononi mwetu kama abiria. Shule ni sehemu ya mshahara. Mwenye shule mbaya amekatwa mshahara wake bila kuonyeshwa karatasi.

Basi twataka mambo manne.

La kwanza, kwa Katiba ya mwaka 2010 chekechea iko mikononi mwa kaunti. Pengo la alama halianzi Gredi ya 6, huanza mtoto akiwa na miaka minne. Twataka kaunti ianze kujenga na kuweka walimu wa chekechea katika mitaa yenye watoto wengi na shule chache, si mahali ambapo pameshatosha.

La pili, chakula. Tangu mwaka 2023 kaunti ya Nairobi imekuwa na mpango wa chakula cha mchana shuleni, mzazi akitoa shilingi tano. Huo ni mpango mwema na twausifu bila kinyongo. Twataka usiwaache nje watoto wa shule ndogo za mitaani, ambao wengi wako huko kwa sababu shule ya Serikali iko mbali au imejaa.

La tatu, walimu. Shule za msingi ni za Serikali kuu, na walimu huajiriwa na Tume yao iliyoanzishwa mwaka 1967. Chekechea ni ya kaunti. Ukiuliza huku, waambiwa nenda kule. Twataka wakubwa hawa wawili waketi pamoja, na alama zinapotoka, shule zilizo chini zipelekewe walimu na vitabu kwanza. Behewa likitoka njiani, winchi hupelekwa pale lilipoanguka.

La nne latuhusu sisi na waajiri wetu. Mfanya kazi hupewa uhamisho katikati ya muhula, akafunga mizigo, na mtoto akakatwa masomo kama mti uliong'olewa wakati wa maua. Twataka uhamisho wa mwenye watoto shuleni ungojee mwisho wa mwaka, isipokuwa kwa dharura ya kweli, na jambo hili liandikwe katika mapatano.

Haya ni ya kuwadai wengine. Lakini haifai kudai kwa watu na kusamehe nafsi zetu. Wengi wetu tulisoma shule ndogo za misheni, na baba zetu, ambao hawakujua kusoma, walikwenda kwa miguu kumwuliza mwalimu habari zetu. Sisi tunaojua kusoma huona mkutano wa wazazi ni kazi ya mama peke yake. Siku ya mapumziko tunajua jina la kila mchezaji wa mpira, na jina la mwalimu wa mtoto hatulijui. Hilo si kosa la mkoloni wala la kaunti.

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama mwenye mtoto shuleni afanye jambo moja kabla ya mkutano ujao wa tawi. Aende shuleni, aonane na mwalimu kwa heshima, na aulize mambo matatu: darasani mna watoto wangapi, watoto wangapi hushika kitabu kimoja, na wangapi hukaa mchana bila kula. Ayaandike, amletee karani wa tawi. Tukikusanya karatasi hizo kutoka kila mtaa, tutakuwa na orodha yetu wenyewe, ya kuonyesha mtoto aliketi wapi kabla ya kuonyesha alipata nini. Tutaipeleka kwa wakubwa, na tutaichapa katika kurasa hizi.

Ndugu yetu fundi wa mabehewa ameahidi kuwa wa kwanza. Ametuambia pia kwamba amemwomba mwanawe msamaha. Twampongeza, kwa maana hilo si rahisi kwa mzazi. Nasi sote tumfuate.

UMOJA NI NGUVU.