Bawa kabla ya injini: Gharama ya ndoto ya mbio za magari Mombasa

Katika barabara zinazolizunguka soko la Marikiti, lililojengwa mwaka wa 1914 na kupewa jina la Mackinnon kabla ya wenyeji kulibandika lao, gari halina nafasi ya kukimbia. Mikokoteni ya mahamali, tuktuk na wanunuzi wa viungo hulilazimisha kwenda mwendo wa kobe. Hata hivyo, si ajabu kuona hapo gari dogo la Kijapani likijikokota nyuma ya mkokoteni wa nazi, buti lake limebeba bawa pana na eksozi ikinguruma hadi wauza mchicha wakageuka kutazama.

Wenye magari ya namna hiyo mara nyingi huwa na ndoto halali. Kenya ndiyo nchi ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953, yakatoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurejea mwaka wa 2021. Kijana wa Kibokoni au Majengo anayetaka kuligeuza gari kuukuu liwe la mashindano hastahili kuchekwa. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini shilingi zake za kwanza huishia kwenye bawa.

Bawa huonekana, afya ya injini haionekani. Lakini kanuni za upepo hazijali macho ya watu. Nguvu ya hewa juu ya gari hukua kwa mraba wa mwendo, yaani mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Tuseme bawa fulani huikandamiza sehemu ya nyuma ya gari kwa uzito wa kilo 40 katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Katika kilomita 80 litatoa kilo 10 pekee, na katika kilomita 50, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa mjini, halitafikisha hata kilo nne. Mfuko wa mchele kwenye buti ungefanya kazi kubwa zaidi.

Kuna tatizo jingine. Magari mengi madogo yanayoshushwa Kilindini huvutwa na magurudumu ya mbele. Bawa lililofungwa nyuma ya ekseli ya nyuma hukandamiza upande huo na, kama mizani, huyapunguzia uzito kidogo magurudumu ya mbele, yale yale yanayovuta na kukata kona. Wengine huziba matundu ya mbele kwa vibati ili hewa ipite kwa ulaini, wakasahau kwamba rejeta hupumua kupitia hapo. Katika joto la Mombasa, ujanja huo ni njia fupi ya kuiunguza gasketi ya silinda hedi.

Kipimo chenye manufaa zaidi hakihitaji karakana kubwa. Injini hupashwa joto, umeme wa plagi na pampu ya petroli hukatwa, kisha plagi zote hung'olewa. Geji ya mgandamizo hufungwa kwenye tundu la plagi, kanyagio la mafuta hukanyagwa hadi mwisho, na starta huzungushwa mpaka mshale usipande tena. Kila silinda hupimwa kwa zamu. Tofauti baina yao ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna kasoro. Silinda dhaifu hutiwa kijiko kidogo cha oili na kupimwa upya: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa, kisipopanda, lawama ni ya valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu pamoja, mara nyingi gasketi imepasuka katikati yake. Oili yenye rangi ya maziwa husimulia kisa hicho hicho bila geji.

Hapa pana mtego ambao wanunuzi wa pwani huweza kunaswa nao. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Injini ile ile itasoma juu zaidi ikipimwa Mombasa. Anayesifiwa injini kwa takwimu nzuri za pwani, akazilinganisha na za rafiki yake wa Nairobi, hajajua lolote. La maana ni kuzilinganisha silinda za injini hiyo moja.

Historia ya nchi hii inaelekea upande huo huo. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Ushindi wake wa kwanza wa Safari, mwaka wa 1965, aliupata kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Volvo ile haikuwa na bawa lolote.

Si kwamba mabawa ni upuuzi. Mwaka wa 1956 mhandisi Michael May alilifunga bawa juu ya Porsche yake katika uwanja wa Nürburgring, na wasimamizi wakalikataa. Miaka 10 baadaye magari ya Chaparral yalidhihirisha kwamba wazo lake lilikuwa sahihi. Lakini mwaka wa 1969, katika mbio za Formula One mjini Barcelona, mabawa marefu ya magari ya Lotus ya Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika mbioni. Wote wawili walipata ajali mbaya, na mabawa ya namna hiyo yakapigwa marufuku mwaka huo huo. Ikiwa kazi ya wahandisi wa Lotus ilishindwa, nini cha kutarajiwa kwa bawa lililotobolewa kwenye bati la buti lililoliwa na chumvi ya bahari?

Likichomoka kwenye barabara ya umma, litakayemwangukia hakuwa mshindani. Mashindano halali, chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, huanza kwa ukaguzi: fremu ya chuma ya kumkinga dereva, mikanda, helmeti, kizima moto, breki. Vilabu vya mchezo huu pamoja na kaunti vingeweza kuuleta ukaguzi huo kisiwani siku moja kwa mwezi, bila faini na bila askari wa trafiki, geji ya mgandamizo ikiwa mezani. Pengine foleni yake ingeanzia Mwembe Tayari.