Karatasi ya Nesi Iheshimiwe

Huku Busia na Tororo anayetutibu ni nesi. Upande wa Uganda vituo vya afya vya daraja la pili huongozwa na manesi, na vya daraja la tatu na matabibu. Kenya nako zahanati nyingi ziko mikononi mwa nesi. Daktari yuko mbali, na nauli ya kumfikia ni unga wa siku mbili.

Lakini mfanyakazi akileta karatasi ya ugonjwa yenye sahihi ya nesi, karani huisukuma kando: "Lete ya daktari." Siku za malaria zinakatwa mshahara.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakubali sahihi ya daktari, au ya mtu anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Aliyemaliza miezi 2 kazini ana haki ya angalau siku 7 kwa malipo kamili na 7 kwa nusu. Waajiri husoma neno "daktari" wakafunga kitabu!

Tunadai mapatano yajayo, pande zote mbili za mpaka, yamtaje nesi na tabibu kwa vyeo vyao. Mwajiri anayeishuku karatasi atoe yeye nauli ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari.