Maumivu ni Mlinzi wa Mwili

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo wako wengi, hasa wanaume, wanaoona aibu kusema kwamba wanaumwa, nao hunyamaza mpaka siku ya kuchukuliwa kwa machela. Uvumilivu ni sifa njema, lakini maumivu hayakuwekwa mwilini ili yavumiliwe tu. Yaliwekwa ili yatoe habari.

Mtu akikanyaga mwiba, mishipa ya fahamu hupeleka habari katika uti wa mgongo, na mguu huinuliwa hata kabla ubongo haujatambua kilichochoma. Thamani ya mlinzi huyu huonekana kwa mwenye ukoma. Ugonjwa huo huiharibu mishipa ya fahamu, hata mtu akashika sufuria ya moto asijue. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore katika Bara Hindi mwaka 1946, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba vidole vya wagonjwa hao huharibika sana kwa majeraha wasiyoyasikia.

Maumivu ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya ghafula, kama ya jeraha au mfupa uliovunjika, nayo hupungua kadiri mwili unavyopona. Mlinzi anayepiga kelele hivi asinyamazishwe kwa vidonge kabla mwizi hajatafutwa. Tumbo linaloanza kuuma kitovuni, kisha maumivu yakahamia chini upande wa kulia, huenda ni ugonjwa wa kidole tumbo. Kifua kinachobana pamoja na jasho jembamba huenda ni moyo. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, wala asingoje kupambazuke.

Namna ya pili ni maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3, kama ya mgongo au magoti. Hapa mara nyingine mlinzi huendelea kupiga kelele ingawa mwizi amekwisha kwenda zake, kwa kuwa mishipa ya fahamu imekuwa myepesi mno kushtuka. Mgonjwa huyo hasingizii. Anaumwa kweli, na jamaa zake wasimdhihaki. Kulala kitandani siku nyingi humzidishia taabu, maana misuli hulegea. Yafaa atembee kidogo kila siku, aongeze polepole, na apate usingizi wa kutosha.

Dawa nazo zina mipaka. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya parasetamo vya miligramu 500 kwa saa 24, kwani kupita kiasi huua ini. Aspirini na ibuprofeni zikitumiwa siku nyingi huweza kuleta vidonda vya tumbo, na mtoto asipewe aspirini bila amri ya daktari.

Mwenye saratani naye asiachwe akalia usiku kucha, ati ndiyo majaliwa yake. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990 na Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa ajili ya wagonjwa kama hao. Mofini ya maji, ikinywewa kwa kipimo na kwa saa zake chini ya uangalizi wa waganga, humwezesha mgonjwa kulala na kuzungumza na watoto wake.

Basi anayeumwa na aseme, tena aseme kwa ukamilifu: ni mahali gani, tangu lini, maumivu ni ya kuchoma au ya kubana, na ni kitu gani kinachoyazidisha au kuyapunguza. Daktari aliyeelezwa hivyo amekwisha kupata nusu ya njia.