Jerikeni ya Kunawia Imejaa, Maji Hayatoki

Mwezi huu tumeulizwa swali hili na nyumba tatu. Jerikeni ya kunawia nje ya choo imejaa, unachomoa kijiti, maji yanadondoka kidogo halafu kimya. Watoto wanachoka kungoja, wanaenda kula hivyo hivyo. Kuhara kunaanzia hapo.

Kwanza angalieni mbavu za jerikeni. Zimebonyea ndani? Basi ni hewa. Sisi tuliovuka Busia na Malaba mwaka 2008 tukapokewa Mulanda, Tororo, tulihangaika asubuhi nzima tukichokoa tundu. Mama mmoja mwenyeji, wa kutoka Mwello, alicheka tu, akalegeza kifuniko. Maji yakaruka! Yakitoka bila hewa kuingia juu, yanagoma.

Kama mbavu ziko sawa, tundu limeziba. Mara nyingi ni mchanga, au kipande cha sabuni ambacho mtoto ametumbukiza (wanapenda sana). Zibueni kwa msumari, lakini msilipanue, jerikeni itakauka kabla ya jioni. Sabuni ikiisha, tumieni jivu.

Kifuniko kilegezwe tu, msikiondoe. Nzi wanaingia.